Kaniki Juu ya Kaniki

Mjomba wangu Sabiti aliwapandisha watu ndege bila kuwatoa Tinde. Ndiyo kazi iliyokuwa ikitulisha, mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera, nami Mwahija niliwapaka wateja poda ili wasing'ae kwa jasho. Ukutani mwa studio alitundika kaniki mbili zilizoshonwa pamoja, nyeusi tii. Mteja alisimama mbele yake, akapigwa picha. Kisha mjomba, bila kusogeza filamu, alipiga juu yake picha ya ndege aliyoipata uwanja wa ndege wa Ibadakuli. Popote palipokuwa peusi, ndege iliingia. Basi mtu anaonekana mlangoni mwa ndege, anapunga mkono, na nyumbani hata baiskeli hana!

Sharti lilikuwa moja: usivae nguo nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi kwenye filamu haipo. Aliyekuja na koti jeusi tulimwazima shati jeupe, la sivyo angetoka kichwa kitupu kinaelea hewani. Tulishazicheka sana picha za namna hiyo.

Siku moja ya soko aliingia Paskalia, mama yake Mihayo. Mwanawe huyo alikuwa amefukiwa na duara huko Geita, lile shimo la wachimba dhahabu, na msiba ulikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, mayu," alisema mjomba, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Nitie pamoja na mwanangu."

Alitoa picha ya Mihayo ameketi kwenye kiti, amevaa shati jeupe. Alitaka yeye aonekane amesimama nyuma yake, mikono yote miwili mabegani. Nilimletea shuka jeupe ajifunike, akalisukuma. Alikuwa amevaa kaniki ya msiba.

"Siivui mpaka tuanue matanga," alisema. "Nikiivua leo nitakuwa nimemtupa mwanangu."

Mjomba hakuwa na moyo wa kubishana na mama aliyefiwa. Akapiga.

Picha ilitoka vibaya kuliko tulivyohofia. Mihayo ameketi, na juu yake kichwa cha mama yake, hakina mwili. Chini ya kichwa kuna mikono miwili iliyoishia vifundoni. Mjomba alikosea kipimo kidogo tu, mikono haikutua mabegani. Ilitua shingoni.

"Hii haitoki humu ndani," alisema. "Kesho nitampiga upya." Akaianika kwenye kamba ikauke.

Lakini kabla haijakauka akaingia Nkwabi, kaka wa mjane wa Mihayo. Yeye na Mihayo walikuwa pamoja ndani ya lile duara, na yeye peke yake alitoka mzima. Watu walikuwa wameanza kuulizana kwa nini. Alihitaji mchawi kama mgonjwa anavyohitaji dawa, na sisi tulikuwa tumemwanikia mmoja kwenye kamba.

"Nogi," alinong'ona. Ndiyo mchawi kwa Kisukuma. "Anamnyonga mwanawe."

"Ni kaniki tu, Nkwabi! Kaniki juu ya kaniki haionekani. Tazama!"

Maskini mjomba. Alijifunika kaniki, akasimama mbele ya lile pazia la kaniki ukutani ili amwonyeshe. Kumbe kipofu ni filamu, jicho la mtu si kipofu. Alionekana mzima, toka utosini hadi miguuni.

"Mbona wewe nakuona?" alisema Nkwabi. Akaitia picha mfukoni, akaondoka.

Lisemwalo lipo, watu wakasema, na hili lina picha kabisa. Tulipofika kwa Paskalia kwa baiskeli ili tumwonye, jua lilikuwa bado kali. Nkwabi na wenzake walikuwa wametutangulia na mapanga, wakamkuta akimenya karanga. Aliinua mikono ajikinge, kwa hiyo mikono ndiyo iliyotangulia. Shingo iliwatoa jasho, ilikatwa kama kisiki. Tuliukuta mwili umeegemea ghala, kaniki imelowa, karanga zimejaa mapajani. Kichwa na viganja havikupatikana. Tulizika kilichobaki. Polisi walipouliza, kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Nilitamani kuwachoma moto wote, na sijui kama nimeacha kutamani.

Msimu wa karanga ulipokwisha, Nkwabi alirudi studio. Saa sita mchana, soko limejaa. Shati jeupe, jipya. Akaweka panga juu ya benchi letu.

"Nipandishe ndege, Sabiti."

Mjomba alilitazama panga, akaenda kwenye kamera. Mimi nikampaka Nkwabi poda usoni na shingoni. Kisha nikasogea mlangoni.

"Mwahija," alisema Nkwabi, "niondolee mikono shingoni."

Nilikuwa mbali naye.

"Mwahija!"

Pazia likavimba nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Nkwabi alijikuna shingo mpaka akajichana ngozi. Hakushika kitu. Miguu ikaacha sakafu. Visigino vikapiga ukuta. Vikapiga tena. Macho yakamtoka. Damu ikamwagika puani, ikashuka kwenye shati jeupe. Mjomba aliita jina la Mungu. Shingo ikalia kama muwa unaovunjwa gotini.

Akaanguka.

Kwenye ile poda niliyompaka palikuwa na alama za vidole, vyote kumi. Na ndani ya ukosi wa shati, maganda ya karanga.

Mjomba aliishusha ile kaniki, akaichoma siku ileile, na hakushika kamera tena hadi anakufa. Mfukoni mwa Nkwabi tuliikuta ile picha yetu. Ninayo mpaka leo, na anayebisha aje aione. Mihayo ameketi peke yake. Kichwa cha mama yake hakimo. Mikono haimo. Ila shati jeupe la Mihayo, ambalo lilikuwa limenyooka, limebonyea mabegani, kushoto na kulia, kama mtu amemshika taratibu kwa nyuma.