Mstari Ambao Haukusomwa

Kila siku, kabla kengele ya shule haijalia, Popo alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mtu mzima. Alichota maji, akamwogesha mdogo wake na kumkabidhi kwa shangazi, kisha akabeba chupa ya chai hadi wodi ya wanawake, alikolazwa mama yake aliyevunjika mguu. Kutoka hospitali hadi shuleni ulikuwa mwendo wa saa nzima. Akifika kwenye dawati lake la nyuma, usingizi ulimbeba. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo: alilala mchana.

"Popo, shuka, kumekucha," jirani yake wa dawati alimtania huku akimsukuma kwa kiwiko.

Mwalimu wao naye alikuwa hoi. Wanafunzi themanini na wawili, madaftari themanini na mawili. Alisahihisha akiwa amesimama, kalamu nyekundu ikiruka kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Walipopewa insha ya "Familia Yangu", Popo alitamani kusema yaliyomsibu, ila mdomo ulikuwa mzito. Akaandika katikati ya insha: "Mama amelazwa wiki ya tatu sasa. Kila asubuhi nampelekea chai hospitalini kabla ya shule. Mwalimu, nimechoka. Nifanyeje?"

Daftari lilirudi na tiki kubwa na neno moja: Vizuri.

Popo alilikodolea macho neno lile. Vizuri nini? Tangu siku hiyo hakuandika tena zoezi lolote. Moyoni alishakata shauri: Ijumaa ikiisha, na shule basi.

Ijumaa yenyewe mwalimu alimwita mezani.

"Mazoezi matano, hata neno moja hujaandika. Umenigomea?"

Popo alifungua ile insha, akaweka kidole chini ya mstari wake. "Hapa ulisema vizuri, mwalimu."

Mwalimu alisoma. Akarudia kusoma. Kisha akavuta kiti, akaketi, akavua miwani.

"Sikusoma," alisema polepole. "Nilipiga tiki tu. Nisamehe, mwanangu."

Darasa zima liligeuza shingo. Hawakuwahi kumsikia mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi.

"Chai unapeleka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Mimi nakaa nyuma ya hospitali ile ile. Chai napika kila siku, kuongeza kikombe kimoja si kazi. Kuanzia Jumatatu, wewe njoo moja kwa moja shuleni."

Tangu hapo mwalimu alichukua madaftari kumi tu kwa siku, akayasoma neno kwa neno, na kila moja akaliandikia jibu. Wanafunzi hawakuamini. Jirani yake Popo akaficha mtego ndani ya insha yake: "Mwalimu, kama umefika hapa, piga chafya."

Kesho yake mwalimu aliingia, akamkazia macho, akapiga chafya tatu. Mtego ulimrudia mwenyewe. Nusura aingie chini ya dawati. Popo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Polepole, kunakili insha za wenzao kukapungua. Hata watoro wawili wa dawati la dirishani walirudi. Uchovu haukwisha: Popo bado alichota maji, na mwalimu bado alikokota mfuko wa madaftari. Lakini sasa kila mmoja alijua mwenzake amebeba nini.

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, alikuja shuleni akitembea kwa magongo.

"Mwalimu, asante kwa chai," alisema, kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, mdomo ulikuwa nao. Wiki tatu nzima unajifia kimya kimya?"

"Na mimi macho nilikuwa nayo, mama," mwalimu alisema. "Mtoto akilemewa, aseme. Mwalimu naye amtazame mtoto, asitazame daftari tu. Tukiacha hayo, shule inabaki kuta na madawati."

Kengele ililia. Popo alirudi kwenye dawati lake, akafungua daftari. Alikuwa macho kabisa.