Jina Aliliona, Ukurasa Hakuuona

Kazi ya dobi huanzia mifukoni. Kabla nguo haijaguswa na maji, lazima mifuko ipekuliwe. Kalamu moja iliyosahaulika inaweza kuharibu mashuka kumi. Kwa hiyo kila asubuhi Dobi aliketi kwenye kigoda chake akapekua mifuko ya watu, huku mdogo wake akiwasha pasi.

Mdogo wake aliitwa Chapu, kwa sababu alimaliza kunyoosha shati wakati wewe bado unatafuta kola. Mama yao alifariki Chapu akiwa na miaka minne. Dobi ndiye aliyemlea. Alifua nguo za watu na mtoto akiwa mgongoni. Sasa Chapu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Chumba kile cha chini, chenye mashine mbili, meza mbili za pasi na kamba tatu za kuanikia, kilikuwa chao wote wawili.

Mifuko ya watu ina mambo. Siku moja Chapu alikuta barua ya mapenzi, na aliyeiandika hakuwa mke wa mwenye suruali. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Dada, niisome kidogo tu?"

"Itie kwenye bahasha, andika namba ya mteja, funga mdomo," Dobi alisema. "Sisi tunaona mengi. Tukianza kusema, nani atatuletea tena hata soksi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile. Kwa miaka kumi na moja, Dobi hakuivunja hata mara moja.

Naye Dobi alikuwa na siri yake. Viwiko vyake vilikuwa vimetoka mabaka mekundu yenye magamba meupe. Yaliwasha, na wakati mwingine yalipasuka. Alianza kuvaa mikono mirefu, hata kwenye joto la pasi. Mwishowe alijikaza kisabuni akaenda hospitali.

Daktari alimwangalia, akamwandikia dawa ya kupaka. "Huu unaitwa soriasisi," alisema. "Unatoka ndani ya mwili wako mwenyewe. Humwambukizi mtu, si kwa kugusana, si kwa nguo." Kisha akamwandikia kwenye karatasi jina la tovuti ya magonjwa ya ngozi, ili asome taratibu nyumbani.

Dobi alisoma. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo alisoma neno moja moja, huku mashine ikizunguka. Alifurahi kuona maneno ya daktari yameandikwa pale pale. Lakini aliogopa wateja. Alijua kwamba mteja akisikia neno "ngozi" hatasubiri kusikia neno la pili.

Chapu akamfundisha jambo kwenye simu. "Ona, dada. Hili ni dirisha la siri. Ukisoma humu, ukimaliza ukalifunga, simu haikumbuki kitu."

"Kwa hiyo hakuna atakayejua?"

"Hakuna. Labda mimi, kwa sababu ukisoma unachezesha midomo."

Wakacheka wote wawili.

Intaneti yao waliipata kwa Antena. Huyo alikuwa na duka kwenye kona ya jengo. Alinunua intaneti kwa wingi kutoka kampuni kubwa, akavuta nyaya, akawagawia wapangaji wa majengo matatu. Watu walimpa jina la Antena kwa sababu hakuna habari iliyompita. Alijua nani anatafuta kazi nyingine, nani anataka kuhama, nani ana mchumba mpya. Watu walimcheka kwa umbea wake. Hakuna aliyejiuliza habari hizo anazipata wapi.

Jumatatu moja alikuja Mama Wageni, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyekuwa mteja mkubwa kuliko wote. Kawaida alimtuma mfanyakazi wake. Siku hiyo alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nimekuja kuchukua mashuka yangu."

"Bado mabichi, mama."

"Nipe hivyo hivyo."

Dobi alipigwa na butwaa. "Nimekosa nini?"

Mama Wageni aliitazama mikono mirefu ya gauni lake. "Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nimesikia una ugonjwa wa ngozi. Wageni wangu wanalala juu ya mashuka haya."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

Akaondoka na mashuka yake, yakidondosha maji mpaka barabarani. Kabla wiki haijaisha, wateja wengine wanne walichukua nguo zao. Mmoja alizishika kwa ncha za vidole. Wengine hawakujisumbua kuja. Walipita tu upande wa pili wa barabara wakitazama mbele.

Dobi alikaa kwenye kigoda chake, akawaza. Simu haikumbuki kitu. Daktari yuko mbali. Hapa nyumbani anayejua ni mtu mmoja tu. Kadiri alivyowaza ndivyo damu ilivyomchemka.

"Chapu," alisema. "Umemwambia nani?"

Chapu aliiweka pasi chini. "Nimwambie nani nini, dada?"

"Habari zangu. Viwiko vyangu."

"Sijamwambia mtu."

"Ni wewe tu unayejua! Ulisema mwenyewe, hakuna atakayejua ila wewe!"

"Nilikuwa natania."

"Ulitania huko nje pia? Umecheka na wenzako, habari ikakutoka. Tangu utoto mdomo wako hauna breki!"

"Dada, nitazame. Sikusema."

Dobi hakumtazama. Aliyatazama makapu matupu. Kisha akasema neno ambalo hadi leo linamchoma. "Nimekulea bure."

Chapu aligeuka. Alichomoa waya wa pasi, akasubiri pasi ipoe, akaukunja waya vizuri kama kila siku. Akatia nguo zake kwenye begi, akatoka. Siku ya tatu Dobi alisikia kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha kufua sare, upande wa pili wa mji. Moyoni akasema, na aende zake.

Jumamosi alikuja Fundi Waya kuchukua ovaroli zake. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa mitandao kwenye kampuni ya simu. Ovaroli zake zilikuwa na vumbi la kila nguzo ya mji. Alikuta chumba kimya na pasi moja tu ikifanya kazi.

"Chapu yuko wapi?"

Dobi alikusudia kusema kwamba amesafiri. Badala yake alilia. Akapandisha mikono ya gauni, akamwonyesha viwiko, akamweleza yote kwa hasira: daktari, tovuti, dirisha la siri, Mama Wageni, mdogo wake msaliti.

Fundi Waya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja. "Intaneti mnatumia ya nani?"

"Ya Antena."

Fundi Waya alitikisa kichwa. "Dada, nadhani mdogo wako umemwonea."

"Kwa vipi? Simu haikumbuki kitu!"

"Simu haikumbuki, kweli. Dirisha la siri linafuta alama ndani ya simu yako tu. Mtu akiishika hataona ulichosoma. Lakini ukifungua tovuti, ombi lako linatoka kwenye simu, linapita kwa Antena, ndipo linakwenda mbele. Halina njia nyingine. Unaweza kufuta simu yako mara mia. Kwenye mitambo ya Antena hujafuta kitu."

"Kwa hiyo anasoma kila ninachosoma?"

"Hapana, si kila kitu." Fundi Waya alichukua furushi la nguo lililofungwa, lenye kikaratasi cha mteja. "Hili limefungwa. Mtu akikutana nalo njiani anajua nini?"

"Jina la linakokwenda. Na uzito wake, akilibeba."

"Na saa lilipopita. Je, anajua ndani kuna suruali au gauni?"

"Hawezi kujua. Limefungwa."

"Basi ndivyo ilivyo. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa. Anwani yake inaanza na herufi hizi, https, na kwenye simu nyingi unaona alama ya kufuli. Mtoa huduma wa intaneti, kama Antena, anaona jina la tovuti, saa uliyoingia, muda uliokaa, na kiasi cha data ulichotumia. Ukurasa uliosoma haoni. Ulichoandika haoni. Neno lako la siri haoni. Lakini tovuti isiyo na kufuli ni furushi lililofunguliwa. Hapo anaweza kuona yote, kwa hiyo usiandike humo jambo lako lolote."

"Na ujumbe wa kuandikiana?"

"Huduma nyingi za ujumbe zimefungwa kutoka simu hadi simu. Anajua unaitumia huduma hiyo. Maneno yako hayasomi."

Dobi alikitazama kikaratasi cha furushi. Kisha akasema polepole, "Tovuti yangu ina neno 'ngozi' kwenye jina lake."

"Basi jina peke yake lilitosha."

Dobi alichukua simu yake, akatoka bila hata kufunga mlango. Fundi Waya alimfuata.

Antena alikuwa dukani, ameegemea kaunta. "Karibuni! Intaneti inasumbua?"

"Ni wewe uliyemwambia Mama Wageni kwamba nina ugonjwa?"

Antena alicheka kidogo. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akaacha. "Mimi sikusema kwa ubaya. Kila asubuhi, saa mbili, tovuti ya magonjwa ya ngozi. Mwezi mzima! Nikamwambia tu awe mwangalifu. Ana biashara yule, nami ni jirani yake."

"Uliona jina."

"Niliona jina, ndiyo."

"Na ukurasa uliuona?"

"Ukurasa sioni. Umefungwa."

"Basi sikiliza ukurasa." Dobi aliiinua simu. Palikuwa na wateja watatu dukani, nao waligeuka kumtazama. Alisoma neno moja moja, midomo ikimcheza kama kawaida yake. "Soriasisi... haiambukizi. Mgonjwa... anaweza kufanya kazi... na kuishi na watu... bila kuwadhuru."

"Nimepekua mifuko ya mashati yako miaka sita," Dobi alimwambia Antena. "Niliyoyakuta humo unayajua. Umewahi kuyasikia mitaani?"

Antena alitazama chini. Mmoja wa wateja alikohoa.

"Mteja si gazeti lako," Fundi Waya alisema. "Unaona majina kwa sababu ya kazi, ili mtandao ukiharibika uutengeneze. Hukupewa uyasimulie. Tutaandika barua kwa ofisi inayosimamia mawasiliano."

Waliiandika jioni ile ile, Dobi akitaja tarehe na Fundi Waya akiandika. Baada ya miezi miwili Antena alipewa onyo la maandishi. Duka lake bado lipo. Bado anaegemea kaunta, ila watu wakiingia anajifanya ana shughuli.

Fundi Waya alimfundisha Dobi mambo mengine. Alimwambia kuhama mtoa huduma si dawa kamili, kwa sababu hata huyo mpya ataona majina, hata ukitumia data ya simu. Jambo la kwanza ni kuuliza anayaweka kwa muda gani na anampa nani. Akamwekea pia kwenye simu programu iitwayo VPN.

"Hii inayatia mafurushi yako yote kwenye gunia moja," alieleza. "Mtoa huduma anaona gunia tu, linakwenda mahali pamoja. Lakini mwenye gunia naye anaweza kuona majina. Kwa hiyo usichukue yoyote ya bure usiyoijua. Utakuwa umemkimbia Antena mmoja ukamfuata mwingine."

Dobi alibandika ukutani karatasi yenye maneno ya daktari. Alikunja mikono ya gauni lake mbele ya watu wote. Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja. Kila aliyeuliza alielezwa habari ya furushi na jina lake, na wapangaji wengi waliacha kuliamini dirisha la siri. Mama Wageni naye alirudi. Alileta mashuka arobaini, akasema mvua imezidi mwaka huu. Hakuomba radhi. Dobi aliyapokea, akayahesabu, akafunga mdomo.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ile ile ya Antena, Dobi alikuwa amekwenda kiwandani. Alisubiri getini mpaka Chapu akatoka wakati wa mapumziko, amevaa aproni ya mpira.

"Mdogo wangu, nimekosa. Alikuwa Antena."

Chapu alisikiliza habari yote. Hakukasirika. Hakucheka pia.

"Nimefurahi umejua," alisema. "Lakini dada, ukweli nilikuambia mimi kwanza. Nilikuambia nitazame. Ulihitaji fundi aje akueleze mtandao ndipo uniamini?"

Dobi alilishika geti.

"Kengele inalia," Chapu alisema. "Narudi kazini."

Sasa meza ya pili ya pasi imewekwa makapu juu yake. Kila asubuhi, mashine ikizunguka, Dobi humwandikia mdogo wake ujumbe. Humwambia aliyekuja, alichokuta mifukoni bila kutaja ya nani, na kwamba viwiko vinaendelea vizuri. Anajua ujumbe umefungwa, na hakuna mtu njiani anayeweza kuusoma.

Unafika salama kila siku. Chapu bado hajafungua hata mmoja.