Mshono wa Mwanga

Jumamosi alasiri, fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima mahameli ya gauni. Binti yake aliingia amenuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso haujapigwa pasi?"

"Jumatatu hadubini ya chuo wanapewa wengine. Wiki tatu maabara, sijapata kitu!"

Mama alitoa pini mdomoni. "Hebu nieleze. Darasa langu la jioni, la watu wazima, limenifundisha kuuliza."

"Nina fuwele, jiwe la tabaka tabaka. Naibandua mpaka iwe nyembamba kuliko unywele, mara mia kadhaa. Ndani yake, mwanga hupita kwa urahisi upande mmoja, upande mwingine kwa shida."

Mama aliushika mkono wa binti, akaupitisha juu ya mahameli. "Huku manyoya yanalala. Huku yanakataa."

"Ndiyo hivyo hivyo! Ukipandanisha vipande viwili, ukakigeuza cha juu kwa pembe inayofaa, mwanga hautawanyiki. Unafuata mstari mmoja. Huenda siku moja tukapeleka habari kwa mwanga ndani ya vifaa vidogo mno. Lakini wangu unatapakaa kama maji yaliyomwagika."

"Ulijua kila kipande kinalalia wapi?"

"Vinafanana, mama. Nafuata ukingo tu."

"Ukingo!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Nami niliufuata. Suruali ya mahameli ya bwana harusi, manyoya yakalala kinyume: mguu mmoja ukaonekana mweusi, mwingine kijivu! Tangu siku hiyo, kabla sijashika mkasi, napapasa, kisha nachora mshale. Chuo kizima hakina chaki?"

Binti aliipapasa tena mahameli. Ghafla akaruka. "Kuna mwanga maalumu wa kuonyesha ulalo! Niliiruka hatua hiyo ili niwahi." Akambusu mama, akatoka mbio, viatu mkononi.

Mama alirudi kwenye kazi yake. Kila pini aliyochomeka, aliichomeka kwa dua.

Jumapili mchana simu iliita.

"Mama! Nimepima ulalo wa kila kipande, nikatia alama, ndipo nikapandanisha. Tazama picha!"

Mama alivaa miwani. Katikati ya weusi palikuwa na mstari mmoja wa mwanga, mwembamba, usioyumba popote.

"Asante, Mungu wangu," alinong'ona. Kisha akapaza sauti, akicheka na kufuta machozi: "Mshono umenyooka, mwanangu! Sasa njoo ujaribu gauni lako."