Sindano Ilisimama Kwenye Mia Tano

Kila Jumamosi Kidagaa alifagia studio ya shangazi yake, akafuta lenzi kwa kitambaa kikavu, kisha akapanga chupa za dawa katika chumba cha giza. Aliitwa Kidagaa kwa sababu ya umbo lake dogo. Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili, na mdomo wake, kwa maneno ya shangazi, ulikuwa wa papa.

Jumamosi hiyo studio ilijaa watu waliotaka picha za vitambulisho. Wakati huohuo mkunga wa zahanati alikuwa akimaliza siku yake ya mwisho kazini, baada ya miaka thelathini na mmoja. Alfajiri iliyofuata angehamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili. Wauguzi walitaka picha yake ibaki ukutani.

"Nenda wewe," shangazi alisema, akimvika shingoni kamera yenye filamu mpya. "Mkunga anavaa nyeupe, na ukuta wa zahanati ni mweupe. Ukiiacha kamera ijipangie, itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama sufuria iliyoungua. Kwa hiyo utafanyaje?"

"Nitamsogelea hadi uso wake ujae kwenye kioo. Nisome sindano ya kupima mwanga, niweke kasi ya kupiga kwa mkono, nirudi nyuma."

"Na usiiguse tena."

Zahanatini Kidagaa alianza hivyo hivyo. Uso wa mkunga ulipojaa kwenye kioo, sindano ilisimama kwenye 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde. Wanafunzi wawili wa darasa lake walikuwa wamekaa kwenye ngazi za zahanati.

"Kidagaa, unampiga picha au unamnusa?"

"Kamera ya mjomba wangu inajipangia yenyewe. Hiyo yenu bado inasukumwa kwa mkono kama toroli!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kidagaa alirudi nyuma, akazungusha kitufe hadi herufi A, ili kamera ijiamulie. Sindano ikaruka hadi 500, muda mfupi mara nne. Aliiona, na alijua maana yake. Hata hivyo akapiga picha zote kumi na mbili.

"Nimetoka vizuri, mjukuu wangu?" mkunga aliuliza.

"Umetoka vizuri, bibi."

Studioni, shangazi naye aliuliza kama kazi imekwenda sawa. Kidagaa akajibu, "Ndiyo."

Waliingia chumba cha giza. Shangazi alizima taa, akaifunga filamu ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, kisha akawasha taa tena. "Dakika nane," alisema, akainua jagi la dawa. Filamu ikishasafishwa, hairudi nyuma. Kidagaa alilitazama jagi likiinama.

"Shangazi, subiri! Nilidanganya. Niliiacha kamera ijipangie."

Jagi lilibaki hewani. Shangazi hakupaza sauti. Aliuliza namba.

"Uso ulisoma ngapi?"

"Mia na ishirini na tano. Lakini nilipiga kwa mia tano."

"Zote?"

"Zote."

"Basi filamu imepata robo tu ya mwanga. Una hakika na hiyo mia tano?"

"Niliiona kwa macho yangu."

"Nitaiweka dakika kumi na mbili badala ya nane."

"Itapona?"

"Sijui. Dawa haiumbi mwanga ambao haukuingia."

Jioni, filamu ilipokauka, waliwasha taa nyekundu. Shangazi alimulika karatasi kupitia filamu, akaizamisha karatasi hiyo kwenye trei ya dawa. Ilikuwa nyeupe tupu. Kidagaa alihesabu moyoni: kumi, kumi na tano. Kisha nyusi mbili zikajitokeza kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, yakafuata macho, halafu mikunjo ya paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameona karatasi nyingi zikigeuka hivyo, lakini leo alisahau kupumua. Mashavu yalikuwa na chembechembe kama mchanga laini, na kivuli kilikuwa kimemeza shingo. Lakini uso ulikuwepo, hai, ukimtazama.

"Ni yeye," alinong'ona.

"Ni yeye, kwa taabu," shangazi alisema. "Utampelekea nakala sasa hivi kabla hajaondoka, na utamweleza kwa nini ina mchanga."

"Kamera ilikosea, shangazi?"

"Haikukosea. Iliona weupe, ikajibu weupe. Siku nyingi jibu lake linatosha, hata mimi huiachia. Lakini haijui mkunga ni nani. Wewe ulijua, ukaogopa kuchekwa. Halafu ukaniambia 'ndiyo', na hilo ndilo kosa kubwa zaidi." Aliitoa picha kwenye dawa kwa koleo. "Ungekiri baada ya mimi kumimina, ungekuwa unanipa pole tu. Ulikiri mapema, ukanipa namba ya kufanyia kazi. Ukikosea, sema wakati mtu bado ana la kufanya."