Mstari Uliofutwa

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia langoni, lakini Injinia alielekea chumba cha kompyuta. Jina hilo la Injinia alipewa na shangazi yake siku alipoifufua redio ya nyumbani kwa kuipiga kofi moja tu. Wenzake wakalidaka, na tangu hapo hata walimu walimwita hivyo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kujisifu.

Chumba chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Feni ililalamika juu ya vichwa vyao, na vibodi vilikuwa vimechakaa hadi herufi nyingine hazisomeki. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa kazi ya muhula: kila mwanafunzi atengeneze tovuti ya biashara ya kweli. Mmoja alichagua kinyozi wa jirani, mwingine duka la mbao. Injinia alichagua nyumba ya wageni ya shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alikuwa na vyumba vichache safi vya kulaza wageni, na asubuhi aliwaongoza mwenyewe kwenda kuona maporomoko ya maji kule mlimani. Lakini tangu hoteli mpya ifunguliwe kando ya barabara kuu, wageni wake walikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

"Sikilizeni," mwalimu aliwaambia. "Tovuti ni mdomo wa mwenye biashara. Ukiandika uongo, ni yeye aliyesema uongo. Kwa hiyo hakuna ukurasa utakaokwenda hewani kabla mwenyewe hajausoma mstari kwa mstari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu!" wakaitikia kwa kishindo, kama wanafunzi wanavyoitikia jambo ambalo limeingia sikio hili na kutokea lile.

Kazi ya Injinia ilikwenda vizuri hadi alipofika ukurasa wa "Mambo ya Kufanya". Aliandika: kutembea mlimani, kutazama maporomoko, kupiga picha. Basi. Ukurasa ulibaki mtupu hadi ukatia aibu. Akachungulia tovuti za watu wengine akaona farasi, mashua, watoto wakirukaruka majini. Wivu ukamshika. Maji si hata sisi tunayo, akajisemea. Akaandika: "Kuogelea: bwawa lililo chini ya maporomoko ni salama kwa watoto na watu wazima."

Alijua si kweli. Tangu akiwa mdogo shangazi alimwonya kwamba bwawa lile limetulia juu tu, chini maji yanavuta kuelekea mwambani. Hakuna mwenyeji aliyethubutu hata kuchovya mguu. Lakini sentensi ilipendeza, na Injinia alijifariji kwamba maji yalivyo baridi, nani ataingia?

"Shangazi amesoma?" mwalimu akamuuliza.

"Amesoma yote, mwalimu."

Uongo mkavu! Alikuwa amemwonyesha shangazi picha tu, na shangazi akapiga vigelegele kwa kuiona nyumba yake kwenye simu. Tovuti ikaenda hewani.

Wageni wakaanza kuja, mmoja mmoja kisha kwa makundi. Shangazi aliwaongoza, na akiwa nao hakuna aliyekaribia maji. Alinunua mashuka mapya, akawa anaimba jikoni. Alimwambia kila mgeni, "Tovuti hii kaijenga mtoto wa kaka yangu," na Injinia alivimba kichwa.

Jioni moja ikaja familia: baba, mama na mtoto wao wa kiume, rika la Injinia, aliyecheka kila kitu. Walicheza drafti mezani baada ya kula. Mvulana akamfunga michezo yote, akamtania, "Injinia gani wewe? Hata wa kujenga banda la kuku hufai!" Injinia alicheka hadi machozi.

Asubuhi mgongo wa shangazi ukakaza, hata kuinuka kitandani ikawa shida.

"Usijali, mama," baba wa yule mvulana alisema. "Njia tumeiona kwenye tovuti yenu. Tutakwenda wenyewe."

"Haya wanangu. Tazameni, pigeni picha, mrudi mapema," shangazi akajibu. Maji hakuyataja. Haikumpitia kabisa akilini kwamba mtu angeingia mle.

Injinia alikuwepo, ameshika trei ya vikombe. Alisikia neno "tovuti" akaukumbuka mstari wake wa kuogelea. Angeweza kufungua mdomo pale pale. Hakuufungua.

Jua halijafika utosini, kelele zikasikika barabarani. Wakata kuni walikuwa wamembeba mvulana juu ya ngazi ya mbao. Maji yalimvuta chini ya mwamba, na walipompata alikuwa amepiga kichwa, anapumua kwa shida, haamki. Mama yake alikimbia pembeni akipiga mayowe. Baba yake, maji yakimchuruzika, alimkabili shangazi aliyejikongoja hadi mlangoni.

"Mliandika ni salama! Mliandika wenyewe!"

"Nani kaandika? Mimi?" shangazi alishangaa. "Salama gani, baba, maji yale?"

Gari likapatikana, wakakimbizwa hospitalini. Injinia akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akafungua tovuti kwenye simu ya shangazi. Akautafuta ule mstari, akaufuta, akahifadhi. Mara moja ukurasa ukawa kama ambao haujawahi kuwa na neno hilo. Kosa linalofutika kwa kidole, nani asingejaribiwa?

Kesho yake afisa wa utalii alikuja na yule baba. Akafungua tovuti mbele ya wote, akampa simu. Baba alisoma juu, akasoma chini, akarudi tena juu.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Wallahi ilikuwa hapa."

"Mzee, ukurasa ndio huu. Wenyeji hawana kosa," afisa akasema. "Mmeingia majini kwa hiari yenu."

Shangazi akashusha pumzi. Injinia naye akashusha, lakini hakuna kilichoshuka. Usiku kila alipofumba macho alimwona yule mvulana akipanga kete za drafti.

Shangazi hakuwa mtu wa kinyongo. Mgongo ulipolegea kidogo alipika uji, akamtwisha Injinia chupa, wakaenda hospitalini. Mvulana alikuwa bado hajaamka. Mama yake aliketi kando ya kitanda, hakugeuka. Baba alikuwa nje kwenye korido, amekaa kwenye benchi peke yake, ndevu zimemwota ovyo.

"Nisamehe, mama," alimwambia shangazi. "Nilikuzushia. Labda nilisoma mahali pengine. Labda macho yangu tu. Mke wangu hasemi na mimi, na ana haki. Mtoto aliogopa maji. Mimi ndiye niliyemwambia, ingia mwanangu, pako salama." Akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Injinia hakuwahi kumwona mtu mzima akilia namna ile. Moyo ulimuuma kama kitu kinachochanika. Akaiweka chupa sakafuni.

"Hukukosea kusoma, baba," alisema. "Maneno hayo yalikuwa kwenye tovuti yetu. Niliyaandika mimi. Na mlipompeleka hospitali, nikayafuta."

Shangazi alishika ukuta.

"Umesema nini, wewe mtoto?"

Injinia akarudia yote: ukurasa mtupu, wivu wa mashua, uongo aliomwambia mwalimu, chumba cha nyuma. Alilia huku akisema, lakini hakuacha neno. Shangazi hakumpiga, hakumfokea. Alimshika mkono, akamwingiza wodini. "Mwambie na mama yake. Yote, kama ulivyotwambia sisi."

Akamwambia. Mama wa mvulana alimtazama muda mrefu kwa macho makavu. "Tokeni," alisema. Walipokuwa wakitoka, Injinia aligeuka akamwona yule mama amenyoosha mkono kuelekea mlangoni, kwa mumewe, naye akaja akaushika.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyempeleka Injinia kwa afisa wa utalii. Nyumba ya wageni ikafungwa. Mwalimu wa kompyuta alikubali mbele ya wote kwamba alipaswa kumuuliza shangazi mwenyewe, asitegemee neno la mtoto. Kule mlimani wakata kuni walisimamisha ubao mkubwa wa kukataza watu kuingia majini. Na yule mvulana aliamka, ashukuriwe Mungu, lakini aliongea taratibu, na mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Madaktari walisema labda utarudi, labda hautarudi.

Siku familia ile iliporudi kwao, Injinia alimkuta shangazi kwenye chumba cha wageni, anakunja mashuka ambayo hayakuwa na wa kuyalalia.

"Shangazi, utanisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Wewe ni damu yangu, nikutupe wapi?" Shangazi aliweka shuka chini akamwonyesha akae karibu yake. "Ila msamaha wangu hauinui mkono wa yule mtoto, hilo ulijue, utakua nalo. Ulipoandika uongo ule ulitafuta sifa, na sifa zimewaponza wengi. Lakini ulipoufuta ukakaa kimya, ukamwacha baba wa watu aamini kwamba ni yeye aliyemzamisha mwanawe. Hapo ndipo uliponiumiza. Kukosea utakosea tena, mwanangu, nani asiyekosea? Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa lingali lako, kabla hujamtwika mtu mwingine."