Nilifuta Sauti ya Mume Wangu Kwenye Nyimbo za Wajapani

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, naishi Itetemia, Tabora. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie wasomaji wenzangu…

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio. Alipenda kupita kiasi bendi moja ya Wajapani wanaopiga rege. Ndiyo, Wajapani! Aliwasikiliza kwenye spika za mbao za mninga alizochongewa na rafiki yake Kassimu, seremala.

Mimi nyimbo zile zilinichosha. Mwimbaji anaanza, mara wanamkata, linabaki besi, ngoma na mwangwi tu.

"Mama Zuhura, njoo usikie! Hapa wameniachia nafasi," aliniita.

"Wakikuachia na unga, niite," nilimjibu, nikafunga mlango. Nilijiona mjanja…

Mwaka jana alianguka stesheni ya Kaliua, akitoka kutengeneza vipaza sauti vya msikiti. Hakuamka tena.

Arobaini ilipokaribia, wifi yangu aliniuliza kama wageni watasomewa dua au watapigiwa rege. Nisimsingizie, hakunilazimisha. Mimi mwenyewe nilichukua memori kadi ya marehemu yenye zile rege, nikampelekea fundi simu sokoni. Nikamwambia afute yote, ajaze mawaidha.

Siku tatu baada ya arobaini, Kassimu akabisha hodi.

"Shemeji, samahani. Naomba nimsikie mwenzangu kidogo."

"Umsikie wapi?"

"Si kwenye zile rege? Pale penye nafasi aliingiza sauti yake. Anakutaja wewe, anakuomba ukae naye. Alitaka akusikilizishe siku ya Idi."

Nilikimbilia sokoni… Fundi alijaribu, akatikisa kichwa. Mawaidha yalikuwa yameshakalia kila kitu!

Wasomaji, picha zake ninazo. Kanzu zake ninazo. Sauti sina! Nimlaumu nani?

Kassimu aliniwekea upya nyimbo za Wajapani. Kila alasiri nakaa kwenye kigoda cha marehemu, peke yangu. Mwimbaji akikatwa, nazuia pumzi… Besi inapita. Mwangwi unapita. Hakuna mtu.

Nawasihi, msipite nilikopita. Mwenzio akikuita usikie kitu chake, hata kama hukielewi, nenda. Na cha marehemu usikifute kabla hujakisikiliza.

Mimi siku hizi mlango nauacha wazi. Ikifika ile nafasi, naitika, "Abee, nimekuja."

Nimechelewa…