Siondoki Kwenye Meza ya Unga

Kila asubuhi Mama Pacha alikuwa wa kwanza kufika kwenye duka la mikate la wifi yake. Alinawa mikono hadi viwiko, akavaa aproni, akamwaga unga mezani. Hamira, chumvi, maji ya uvuguvugu. Kisha akakanda. Alikuwa na mdomo mwepesi wa utani. Mkate ukiungua, alimwambia mteja, "Huu umeota jua kidogo tu."

Wiki moja utani uliisha. Alikuwa na homa. Kukojoa kulimchoma kama pilipili. Alitokwa na malengelenge madogo sehemu za siri, yakapasuka, yakawa vidonda.

Alikwenda zahanati. Muuguzi alimpima, akampa vidonge, akamtajia ugonjwa: malengelenge ya sehemu za siri. Akasema unaambukizwa kwa kujamiiana. Baada ya neno hilo, masikio ya Mama Pacha yaliziba. Maelezo mengine hakuyasikia.

Jioni alimwambia mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Mumewe aliweka kijiko chini.

"Umeyatoa wapi?"

"Mimi? Nikuulize wewe!"

Wifi alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua ufunguo wa duka. Alisikia yote.

Kesho yake Mama Pacha alimkuta wifi amesimama mbele ya meza ya unga, mikono kiunoni. Kikombe cha Mama Pacha kilikuwa kimewekwa peke yake dirishani.

"Wifi, usiguse unga. Utatuambukiza mtaa mzima. Rudi nyumbani."

Machozi yalimlenga Mama Pacha. Lakini alipokitazama kile kikombe, hasira iliyakausha.

"Sirudi nyumbani. Naenda zahanati, na wewe unakuja. Kaka yako tutampitia njiani. Muuguzi akisema niache unga, nitauacha. Asiposema, utanipisha."

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Ukasikilize. Kusema umeshasema."

Walipofika, muuguzi alifunga mlango, akamwuliza Mama Pacha, "Unaniruhusu niseme mbele yao?"

"Sema yote. Wanajua nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoniua."

"Haya. Virusi hivi hupita ngozi kwa ngozi, hasa watu wanapojamiiana. Havipiti kwenye unga, kikombe, kiti wala choo."

Wifi akadakia, "Na akigusa kidonda, kisha akashika unga?"

"Anawe kwa sabuni, kama kila mpishi. Kwani wewe hunawi?"

Wifi akatazama dari.

Mume alikohoa. "Sasa nani kauleta nyumbani?"

"Sijui, na huenda msijue kamwe. Virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Watu wengi wanavyo na hawana habari. Mmoja wenu huenda alikuwa navyo kabla hamjaoana."

Mume akasema polepole, "Kabla sijaoa niliwahi kutoka vipele huko. Vikapona vyenyewe. Nikadhani ni suruali ya kazi."

"Suruali!" Mama Pacha akamgeukia. "Na jana ukaniuliza nimeyatoa wapi!"

"Hatuna hakika," muuguzi alisema. "Na hapa si mahakamani. Sikilizeni yanayowafaa. Dawa ya kuviondoa kabisa virusi haipo. Lakini vidonge hupunguza makali, na vidonda hupona upesi. Vinaweza kurudi, ila kwa watu wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Ukisikia muwasho au kuchomachoma, msijamiiane mpaka vidonda vipone kabisa. Hata bila vidonda virusi vinaweza kupita, kwa hiyo tumieni kondomu. Haizuii kila kitu, lakini inasaidia sana. Leo mpimwe na VVU, maana vidonda hurahisisha kuambukizwa. Na ukipata mimba, mwambie mkunga mapema ili mtoto akingwe."

"Na kazi yangu?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti kubwa, macho kwa wifi.

"Kakande mikate."

Walipimwa. Wote wawili hawakuwa na VVU. Njiani mume alisema, "Mama Pacha, nimekukosea. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini leo unapika wewe."

Dukani wifi alikitoa kikombe dirishani, akakiosha, akakiweka pamoja na vingine. Akasema, "Wifi, nilikuaibisha."

"Ulitaka kuniaibisha. Mimi nimekataa. Haya, nipishe, unga unasubiri."

Miezi ilipita. Vidonda vilirudi mara mbili, vyepesi kuliko mwanzo. Kila mara Mama Pacha alisema wazi, "Baba Pacha, mwili unachomachoma. Tusubiri." Na mumewe alisubiri bila kununa.

Asubuhi moja wifi aliingia na mteja mmoja, mwanamke kijana aliyejifunika khanga hadi machoni.

"Wifi, uliniruhusu kumwambia mwenye shida kama yako. Mweleze. Mimi nikieleza nasahau ya kondomu."

Yule mwanamke alinong'ona, "Dada, mwenzio nimekwisha."

"Umekwisha nini, nawe umesimama hapa?" Mama Pacha alimsogezea kiti. "Funua uso, mdogo wangu. Umepata ugonjwa, hujaiba. Mimi ninao, na mkate unaokula kila siku nakanda mimi. Kesho tunakwenda kwa muuguzi. Mwambie na mumeo aje."

"Akikataa?"

Mama Pacha alikung'uta unga mikononi.

"Akikataa, nionyeshe anapofanya kazi, tutampitia njiani."